Mama ana baridi yabisi, sasa tumbo linamuuma: ni vidonda tu?

Mwuliza swali (Tanga): Habari za leo, wanajukwaa. Mama yangu ana baridi yabisi ya viungo tangu zamani. Anameza methotreksati (dawa ya kutuliza kinga ya mwili) mara moja kwa wiki, prednisoloni (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe) kila asubuhi, na vidole vikimvimba anaongeza diklofenaki, dawa ya maumivu ya duka la dawa. Siku hizi tumbo linamuuma chini upande wa kushoto, si kwa ukali, wala hana homa. Je, ni vidonda vya tumbo ambavyo omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, itavitibu?

Mfamasia (Mombasa): Mpe mama pole. Diklofenaki isimamishwe mpaka aonwe na daktari, kwani ikikutana na prednisoloni, hatari ya vidonda na ya kuvuja damu huzidi sana ile ya kila dawa peke yake. Omeprazoli hulinda tumbo na mwanzo wa utumbo. Kule chini haifiki kinga yake. Maumivu ya upande huo yaweza kutokana na vifuko vidogo vya ukuta wa utumbo mpana vilivyovimba, ambavyo huweza kutoboka, na kinachonitia hofu ni kwamba prednisoloni hufifisha homa na maumivu, hata mgonjwa akaonekana ana nafuu ilhali utumbo umekwisha kutoboka. Hata hivyo asiiache prednisoloni ghafla, maana mwili ulioizoea huweza kuzidiwa.

Mgonjwa mwenzake (Minneapolis): Naunga mkono. Huku Marekani natibiwa baridi yabisi kwa tosilizumabu, na kabla ya kuanza daktari aliniuliza kama nimewahi kuugua vifuko hivyo, kwa kuwa dawa hii, pamoja na tofasitinibu, dawa nyingine ya ugonjwa huu, imehusishwa na kutoboka kwa utumbo. Tena tosilizumabu hushusha CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, kwa hiyo majibu ya damu yakiwa mazuri hayatoshi kumwondolea mtu shaka; mara nyingi hulazimu kupiga picha ya CT.

Mwuliza swali: Nawashukuru sana. Nimemuuliza mama kuhusu choo, akasema kwa shida, maana aliona haya, kwamba kimekuwa cheusi na kinanata.

Mfamasia: Kama hamezi vidonge vya kuongeza damu, hiyo huenda ni damu inayovuja ndani. Hata kama anavimeza, ndugu yangu, mpeleke hospitali leo hii, msingoje siku ya kliniki. Bebeni pakiti za dawa zake zote, na diklofenaki mumtajie daktari ninyi wenyewe, kwa sababu haimo kwenye kadi yake.