Eti "mimea inahisi roho ya mwenye nyumba"! Huyu mtaalamu wetu leo kanivua nguo hadharani

KambaMwekundu:
Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Simtaji jina, mnamjua wote, huyo anayetuuzia mimea ya akwariamu. Yule yule ambaye ukiweka picha ya akwariamu yako yeye ndiye wa kwanza kuuliza "hayo ni maji au supu?"

Mimea alinichagulia yeye mwenyewe. "Chukua hii, imeshazoea maji." Nikachukua. Nikapanda kwenye changarawe, taa saa 8 kwa siku, mbolea kidogo kidogo, kila kitu alichoagiza. Shina likaanza kuwa njano kuanzia chini, likalainika, ukilibonyeza linatoa uji unaonuka yai viza. Samaki wote wamehamia kona ya pili.

Leo nikamrudishia, nimeutia kwenye mfuko. Kauinua juu kwenye mwanga, kaugeuza huku na huku, halafu akanitazama MIMI, siyo mmea. Mbele ya watu: "Mimea huwa inahisi roho ya mwenye nyumba."

Roho yangu! Ile ni Dracaena sanderiana wakuu, mmea wa nchi kavu, unataka miguu tu ndiyo iloe, majani yabaki hewani. Mtu kanizamishia hadi utosi, halafu muuaji ni roho yangu. Na nyasi alizonipa nazo ni Ophiopogon. Hizo hukaa chini ya maji hata miezi zikijifanya nzima, ndipo zioze. Ukija kulalamika hata yeye keshasahau kama alikuuzia.

Kuna mmoja alicheka mpaka akashika meza. ROHO YA MWENYE NYUMBA! Samaki wangu wanazaa humo ndani, au wao hawahisi?

Mzee wa Filta:
Mkuu aliyeshika meza ni mimi. Nisamehe, ila ungejiona uso.

TopeSafi:
Uzi wa roho mbaya bila picha ya roho yenyewe? Niko pale nimekaa.

KambaMwekundu:
@TopeSafi picha ya nini, nimesema umeoza!

Bi Mwani:
Pole kaka. Siku nyingine utoe mmea kwenye maji, ushike shina. Wa majini hulegea wote ukalala mkononi. Ukisimama wima kama askari, rudisha.

TopeSafi:
@Bi Mwani uongo. Anubias inasimama wima na iko majini miaka nenda rudi.

Bi Mwani:
Nilijua tu utakuja na Anubias yako. Wewe si ndiye uliyeifukia na lile shina lake nene kwenye mchanga, likaoza, ukasema umeuziwa feki? Inafungwa kwenye jiwe au gogo kwa uzi, mizizi inajishikia yenyewe.

TopeSafi:
Aliyeniambia nifukie ni huyo huyo mtaalamu.

Jani Moja:
Kumbe tuko wengi! Mimi Cryptocoryne ilimwaga majani yote siku chache baada ya kuipanda. Nikamuuliza, akasema "imekufa, tupa." Nikatupa. Baadaye ndiyo najua kumwaga majani ni kawaida yake ukiihamisha, mizizi inabaki hai na inachipua tena. Sijalala vizuri tangu hapo.

KambaMwekundu:
@Jani Moja wewe angalau hukuambiwa kuhusu ROHO.

Mzee wa Filta:
Hayo yote madogo. Nani kaletewa konokono? Mayai yamebandikwa chini ya jani, ute ute tu, huoni kitu. Sasa hivi usiku nikiwasha taa kioo chote kinatembea.

Jani Moja:
Konokono wana faida, wanakula majani yaliyooza. Balaa ni Lemna, vile vimajani vidogo vinavyoelea juu ya maji. Kajani kamoja kaling'ang'ania mkononi wakati nabadilisha maji, leo uso wote wa maji umefunikwa, mimea ya chini haipati mwanga.

Bi Mwani:
Lemna inanyonya naitreti, ule uchafu unaotokana na kinyesi cha samaki, bure kabisa. Acheni kulalamika.

Jani Moja:
Njoo uchukue ndoo nzima basi dada.

Mzee wa Filta:
Mnaongelea majani wakati mimi nimehamiwa. Nasikia kuna konokono anayekula konokono wenzake?

Bi Mwani:
Yupo, ana mistari ya njano na kahawia. Anawamaliza taratibu.

KambaMwekundu:
Wakuu, turudi kwenye mada. Mtu kanitukana roho.

TopeSafi:
Subiri kwanza mkuu. @Mzee wa Filta hao wako ni wenye gamba refu lililochongoka au wale wa duara?