Mwanafunzi asipewe alama za utafiti mpaka arudishe majibu kwa waliompa sampuli. Tujadili

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kimoja hapa mkoani Dodoma. Kila mwaka msimu wa utafiti ukifika napokea vijana wa vyuo. Wanakuja na barua ya utambulisho, kibali cha maadili kwenye bahasha ya kaki na rundo la madodoso. Wa uuguzi wanahoji wauguzi na wazazi. Wa famasia wanaomba kuona rejista ya dawa. Wa kemia huwa hawapiti kwetu, wao ni visimani, mashineni kunakosagwa mahindi, sokoni kwenye ubuyu na mboga. Nawapenda wote, na nawapa muda wangu hata nikiwa nimekesha zamu. Wanakaa wiki mbili tatu, wanasema "asante sana sista," wanaondoka. Sijamwona hata mmoja akirudi.

Hoja yangu ni hii: chuo kisimpe mwanafunzi alama ya utafiti mpaka athibitishe kwamba amerudisha majibu kwa watu waliompa damu, maji, mahindi au saa zao. Nakala ya ripoti kwa Mganga Mkuu wa Wilaya haitoshi. Nasema watu wenyewe, kwa lugha wanayoielewa.

Kazini wiki hii mwenzangu mmoja amenijibu kwamba dawa ni kuufuta kabisa utafiti wa shahada ya kwanza, kwa sababu wengi wanaandikiwa kwenye stesheneri. Sikubaliani naye. Muuguzi asiyewahi kujiuliza swali akalifuata mpaka mwisho atafanya kazi kwa mazoea maisha yake yote. Na huyo aliyenunua ripoti, kinachomlinda ni kwamba haulizwi na mtu nje ya chuo. Msimamishe mbele ya wazazi arobaini siku ya kliniki aeleze alichokipata, utamjua dakika ya tano.

Nianze na kisima, maana ndiko uchungu wangu ulikoanzia. Kwetu ni kijijini, mkoa wa Singida. Ukitukusanya sisi wa rika langu tukacheka utayaona meno yetu: mabaka ya kahawia, mengine yamemomonyoka ncha. Shuleni mjini tuliambiwa hatupigi mswaki. Ni floraidi iliyomo kwenye maji ya ardhini, inayotoka kwenye miamba. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya mtoto yanaharibika yangali yanaumbwa ndani ya ufizi, na ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia mpaka mifupani.

Mwaka 2017 alikuja kijana wa kemia nyumbani kwa mama, nami nilikuwa likizo. Mama alimwazima ndoo na kamba. Alikuwa na chupa tatu za plastiki za nusu lita. Alitueleza kwamba chupa ya kioo haifai kwa kipimo kile. Kila kisima alichofika aliisuuza chupa mara tatu kwa maji ya kisima kilekile, akaijaza, akakaza kizibo, akabandika plasta nyeupe kama hii yetu ya wodini na kuandika K1, K2, K3. Alifanya kazi safi, hilo nalisema kwa moyo mmoja. Mama akamuuliza, "Mwanangu, majibu lini?" Akajibu, "Mwezi wa saba, mama."

Nikienda nyumbani mama bado ananiuliza. Visima vile vitatu haviko mbalimbali. Alichotaka kujua ni kipi wachotewe wajukuu, basi. Hakuhitaji jedwali wala grafu. Angeambiwa "K2 ndicho chenye nafuu," angetembea hatua mia mbili zaidi kila asubuhi na asingelalamika. Kingine ambacho kijana angetusaidia kukisema ni kwamba kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, kwa hiyo kwa kila lita inaongezeka kidogo. Kliniki tunafundisha kuchemsha, na ni sahihi kwa vijidudu vya kuhara. Kwa floraidi ni kuni zinazopotea. Hili la kuchemsha nimewaambia mwenyewe. La kisima kipi siwezi, namba anazo yeye.

Sasa nikiri langu. Nami nikiwa mwaka wa mwisho nilihoji wazazi sitini kuhusu dalili za hatari baada ya kujifungua. Fomu yangu ya ridhaa, niliyowasomea kwa sauti na wengine wakaweka dole gumba, ilikuwa na mstari unaosema matokeo yatarudishwa kwenu. Niliuandika mstari ule kwa sababu ulikuwa kwenye mfano tuliopewa. Sikurudi. Niliona wengi hawajui kwamba kuumwa kichwa sana na kuona maruwiruwi hata baada ya mtoto kuzaliwa kunaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja. Nikakiweka kwenye asilimia, nikatetea, nikafaulu. Wale wanawake sitini niliwaacha na ujinga uleule nilioupima. Hakuna aliyeniuliza: si msimamizi, si jopo, si chuo.

Kanuni ya maadili ipo. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba ulioanza mwaka 1964, ambalo kila mwanafunzi wa afya husomeshwa, toleo lake la 2013 linasema wazi kwamba walioshiriki utafiti wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya jumla. Kinachokosekana ni mtu wa kudai. Alama ndiyo inayoweza kudai.

Na utafiti ukirudi kwa watu unafanya kazi. Hapa jirani Kongwa, trakoma, ule ugonjwa wa macho unaoambukiza, ilichunguzwa vijijini kwa miaka mingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba dawa ya macho ikiongezewa na kuwaosha watoto nyuso, trakoma kali inapungua. Leo uso safi wa mtoto ni sehemu ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma, sambamba na upasuaji, antibayotiki na usafi wa mazingira. Haikuwa kazi ya mwanafunzi, ilikuwa na fedha na wataalamu. Lakini angalia jibu lilivyofika: beseni, maji kidogo na mkono wa mama. Majibu ya wanafunzi wetu mengi yangeweza kufika hivyohivyo.

Naomba kuwasilisha. Nitajibu kila mwenye hoja.

Mkufunzi wa kemia, Dodoma:
Dada, nimekusoma kwa heshima na nimeumia kuhusu mama. Ila unachopendekeza ni hatari. Mwanafunzi amepima chupa moja kwa kila kisima, siku moja, msimu mmoja. Floraidi na chumvi za kisima zinaweza kutofautiana kati ya kiangazi na masika. Elektrodi ya maabara, yaani kifaa cha kupimia floraidi, wanaipokezana vijana thelathini, na yule aliyechoka hairekebishi kwa myeyusho wa kipimo kinachojulikana kabla ya kuanza. Anapata 4.2 kumbe ni 2.1. Akienda kijijini akatangaza kisima kina sumu, watu watakiacha warudi lambo, huko wakutane na kichocho na homa ya matumbo. Nani atabeba lawama? Mimi niliyesaini.

Mleta mada:
Mwalimu, hofu yako ni ya kweli na hilo la lambo sikuwa nimelifikiria. Nakubali: msimamizi asaini kwanza, na sampuli inayoonyesha hatari ipimwe tena kabla ya mtu kufungua mdomo. Nakubali pia kijana asiseme "sumu," aseme "kati ya hivi vitatu, hiki kilionekana na nafuu siku ile, na ofisi ya maji tumeiarifu." Na aje na njia, si hofu tupu, Ngurdoto kule Arusha kuna kituo kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, hata kulitaja hilo ni msaada.

Ila nikuulize kwa heshima ileile. Kama kipimo hakiaminiki kiasi cha kumwambia mama yangu, kimeaminikaje kumpa kijana shahada?

Mfamasia, Kondoa:
Mimi naunga mkono kwa maduka ya dawa muhimu, napinga kwa mitishamba. Kwa maduka, mwanafunzi anaingia kama mteja, anaomba vidonge vinne vya amoksilini kwa mafua, anauziwa, anaandika. Miezi sita baadaye ripoti inasema wauzaji hawajui usugu wa dawa. Muuzaji mwenyewe hajui kama alipimwa! Angerudi akae naye kwenye benchi, amwonyeshe kwamba mafua ni ya virusi na antibayotiki haiyagusi, dada yule asingeuza nusu dozi kesho yake. Mimi ningelipia hata chai.

Kwa mitishamba ngoja kwanza. Kijana anachukua mzizi kwa mganga, anausaga, anauloweka kwenye methanoli, aina ya spiriti, anaweka tone kwenye sahani yenye bakteria, anapima kwa rula duara ambalo bakteria hawakuota. Milimita kumi na nne, anafurahi. Mganga yeye anachemsha mzizi kwa maji. Methanoli inatoa vitu ambavyo maji hayatoi, na kinachoua bakteria kwenye sahani kinaweza kumuumiza mtu ini. Ukimrudishia mganga jibu hilo, wiki ijayo limeandikwa kwenye kopo: "imethibitishwa na chuo kikuu." Mgonjwa wa kidonda anaacha hospitali.

Mleta mada:
Kaka mfamasia, umenigusa. Lakini mganga yule alitoa mzizi na maarifa, na pengine ni ya baba yake na babu yake. Jina la mmea limo kwenye ripoti, lake halimo. Ukimnyima jibu kwa sababu unaogopa atalitumia vibaya, umemfanya ghala. Arudishiwe lote, pamoja na hilo la methanoli na la ini, na aambiwe mbele ya mashahidi kwamba sahani si mtu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002 na ina baraza lake, kopo lenye uongo lishughulikiwe huko. Nakiri kwamba hapa sina uhakika kama nilionao kwa kisima. Kama kuna mwenye njia nzuri zaidi aiseme.

Mkulima, Chemba:
Naandika kwa simu mnisamehe. Mwaka 2016 sisi wa Chemba, Kondoa na wenzetu wa Kiteto tulizika watu. Kutapika, tumbo kujaa, macho kuwa ya manjano. Watu wakasema ni ugonjwa usiojulikana. Kumbe ni sumukuvu, sumu ya ukungu, kwenye mahindi tuliyolima wenyewe. Waliorekodiwa kuugua ni 68, waliofariki 20. Tangu hapo wanakuja vijana wengi kuchukua mahindi kilo moja moja. Sikatai, nawapa. Mimi nataka waniambie tu kilo yangu ilikuwaje. Nikijua ghala langu lina shida nitaanika kwenye turubai, sitaanika chini. Nitachambua yaliyooza nisiwape hata kuku.

Mleta mada:
Mzee wangu, shikamoo. Pole kwa misiba ile. Naomba mwalimu wa kemia na kaka mfamasia wasome hapo juu mara mbili.

Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa nne:
Sista, shikamoo. Mnatujadili sisi hivyo naomba nami niseme. Mkopo unafika umechelewa. Kuchapisha madodoso nimelipa mwenyewe, nauli nimelipa mwenyewe, nimelala kwa shangazi. Data zikiisha tunakimbizwa uchambuzi, kutetea, mitihani, halafu mafunzo kwa vitendo mkoa mwingine. Nirudi lini na kwa hela gani? Na kuna kubwa zaidi. Nilichunguza unawaji mikono wodini. Wauguzi wapo kumi na wanne tu. Nusu nimewaona hawanawi kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nikirudisha majibu, matroni atawajua kwa majina hata nisipowataja, na mmoja wao ana mtoto mchanga na mkataba unaisha Desemba. Walinikaribisha vizuri. Nifanyeje?

Mleta mada:
Marahaba mwanangu. La nauli umenishinda kwa haki. Kikao cha kurudisha majibu kiingizwe kwenye bajeti ya utafiti na kwenye kalenda ya chuo, kabla ya kutetea, siku moja tu. Wanafunzi watano waliokwenda kata moja warudi kwa gari moja la chuo. Asiyewezeshwa asiadhibiwe. Hapo narekebisha hoja yangu.

La wodini nakuambia kama ndugu. Usianze kwa matroni. Waombe wale kumi na wanne wakati wa kupokezana zamu ya asubuhi, dakika kumi na tano, mlango umefungwa. Usitaje zamu wala kitanda. Sema "tulivyoonekana," maana na wewe ulikuwa na gloves zako zilezile. Kisha uliza ni nini kilikosekana. Mimi nakuambia kabla hujauliza: mara nyingi bomba liko mwisho wa korido, sabuni imeisha Jumatano, na muuguzi mmoja ana wagonjwa ishirini na wanane. Andika wanachokisema kwenye karatasi moja. Karatasi hiyo ndiyo iende kwa matroni, wakiipeleka wao, ikiomba ndoo yenye koki kila chumba na sabuni ya mwezi mzima.

Ukipanga siku niandikie. Kama ni Alhamisi sina zamu, nitakuja tukae wote.