Tupeane uzoefu: mliowahi kualishwa shingo, yaliwapata yapi?

Nuru: Jana nimemwona mtu akipinduliwa kichwa kwa ghafla hadi shingo ikaalika, nami nikajikuta nimeshika yangu. Waliopitia hayo naomba watueleze.

Baba Imani: Dada Nuru, umenitonesha kidonda. Shingo ilikuwa imenikaza wiki nzima, mkandaji akanishika kidevu na kisogo, akaniambia nilegee, kisha akapindua. Nilisikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjika, maumivu yakapungua, nikamshukuru. Siku ya tatu, nikiwa napiga mswaki, maji yalinichuruzika upande mmoja wa mdomo, nikaona nyuso mbili kwenye kioo, na nilipotaka kumwita mke wangu ulimi ulikuwa mzito. Picha ya mishipa ilionyesha kwamba ukuta wa ndani wa ateri, yaani mshipa wa damu, inayopenya kwenye pingili za shingo ulichanika, damu ikaganda hapo, na bonge likapanda hadi nyuma ya ubongo, ndicho kiharusi. Nilitembelea mkongojo miezi minne.

Siti: Pole sana, kaka. Mimi niliumwa kichwa siku mbili tu, kikapoa.

Mnyoosha Viungo: Hii ndiyo kazi yangu, na ninaomba tusihukumu haraka. Ateri hiyo inaweza kuchanika yenyewe, na dalili ya kwanza mara nyingi huwa ni maumivu ya shingo, kwa hiyo wapo wanaokuja kwetu wakiwa wameshachanika. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta uhusiano kati ya kwenda kwa mnyoosha viungo na kiharusi hicho, lakini ukaukuta hata kwa waliokwenda kwa daktari wa kawaida. Ni tukio la nadra.

Baba Imani: Nadra kwako, ndugu yangu, mimi lilinipata. Na kama ilikuwa imeshachanika, kuipindua si ndiko kuimalizia? Sikuulizwa hata swali moja.

Mnyoosha Viungo: Hapo nakubali, ulipaswa kuulizwa. Mwaka 2014 American Heart Association, chama cha Marekani cha magonjwa ya moyo, ilishauri wagonjwa waelezwe uhusiano huo kabla ya kupinduliwa shingo.

Mama Zawadi: Mume wangu hujialisha mwenyewe kila asubuhi na hajapata neno.

Siti: Mwambie aache, dada, wapo waliochanika kwa kujialisha.

Bi Rehema: Mimi nina baridi yabisi, na daktari amenikataza kabisa kwa kuwa pingili mbili za juu zinaweza kuhama na kubana uti wa mgongo. Natumia kitambaa cha moto na mazoezi mepesi.

Nuru: Aliyepinduliwa ni mdogo wangu. Leo analalamika kizunguzungu.

Baba Imani: Usimpe dawa ya maumivu akalale. Mpeleke hospitali sasa hivi, na umwambie daktari siku na saa aliyopinduliwa.