Mzazi mmoja anadai risiti za fulana za harambee kwenye grupu. Nimjibuje?

Nuru_Tegeta
Habari zenu wakuu. Mwanangu yuko darasa la nne, shule ya msingi ya serikali hapa Dar. Vyoo havitoshi, wasichana wanapanga foleni mapumziko yote mpaka kengele inalia wengine hawajaingia. Wazazi tukaunda kamati ndogo ya harambee, tukakubaliana tuuze fulana zenye nembo ya shule, 15,000 kila moja, faida ijenge matundu ya vyoo. Sasa kuna baba mmoja kila siku kwenye grupu la WhatsApp anadai risiti ya mchapaji. Watu wameanza kusita kununua, na harambee ni Jumamosi. Nimjibuje bila kugombana naye?

Chaki_Nyeupe
Kabla ya fulana: mwongozo ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Nyie mna mangapi? Na hizo hela zinapitia wapi? Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, mwenye kuchangia kwa hiari akaambiwa apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Msimtie mwalimu mkuu matatani.

Babu_Kijiwe
Sisi tulibeba tofali na ndoo za maji kichwani kila asubuhi. Madarasa yakasimama, na hakuna aliyevaa fulana.

Mangi_Mdogo
Dada, mbona jepesi. Piga picha risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, irushe kwenye grupu, lala usingizi. Au mchapaji hana mashine?

Nuru_Tegeta
Mashine ipo. Shida ni jina lililo juu ya risiti.

Mangi_Mdogo
Jina la nani?

Nuru_Tegeta
La duka langu. Mimi ndiye mchapaji. Lakini naombeni mnielewe, mwenyekiti anajua. Wachapaji wengine walitaka hela yote mkononi kwanza, mimi nikakubali kuchapa kwa mkopo. Na tayari zimeshachapwa, fulana 300, zina nembo ya shule, hakuna pengine pa kuziuza. Sijala hata senti ya mtu.

Mama_Wawili
Umenikumbusha mahafali ya mtoto wangu. Mama mmoja wa kamati akajipa kazi ya chakula. Pilau ikaisha wageni hawajafika nusu. Huenda hakuiba, labda alikosea tu hesabu, lakini nani wa kumwamini? Yeye na katibu ni majirani, mpaka leo hawasalimiani.

Ustadh_Kiasi
Dada yangu, hiyo hela ni amana ya watoto. Huwezi kuwa muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja, hata kama moyo wako ni safi.

Mpekuzi_Pole
Subirini kwanza. Mwaka jana kwenye uzi wa ndoa huyu dada aliandika hana mtoto. Leo ana wa darasa la nne? Hii ni chai, anatafutia duka lake wateja.

Mangi_Mdogo
Kumbe! Na mimi nilishaanza kumhurumia.

Nuru_Tegeta
Sijazaa. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu chekechea, na shuleni mzazi wake ni mimi. Jina la duka sijalitaja na sitalitaja.

Mpekuzi_Pole
Pole sana dada, nafuta kauli. Ila nijibu moja: kamati umeiuzia fulana bei gani?

Nuru_Tegeta
12,000.

Mangi_Mdogo
Yaani shule inabaki na 3,000! Zikiisha zote 300 ni laki tisa tu. Huyo baba ana haki ya kuuliza.

Nuru_Tegeta
Kuna wino, umeme, kijana wa kazi, na nimesubiri malipo. Kila mtu anaona bei, gharama haoni.

Chaki_Nyeupe
Gharama tunaziona, nimekaa kwenye kamati za shule miaka mingi. Ninachouliza ni hiki: siku kazi inatolewa, wewe ulikuwa umekaa kikaoni? Kulikuwa na profoma, yaani karatasi za bei, za wachapaji wengine? Mwenyekiti kujua peke yake hakutoshi, grupu zima halijui. Itisheni kikao kabla ya Jumamosi. Sema wazi duka ni lako, weka gharama zako mezani, kisha toka nje wenzako waamue watakulipa ngapi. Iandikwe kwenye muhtasari, na hesabu zibandikwe ubao wa matangazo.

Nuru_Tegeta
Na wakikata bei? Fulana tupu nilizichukua kwa deni.

Mama_Wawili
Deni lako warudishe, hiyo ni haki yako. Faida ndiyo waamue wao.

Nuru_Tegeta
Nimemwandikia mwenyekiti aitishe kikao Alhamisi. Kutoka nje ndiyo bado nasita. Nisipokuwepo nani atanitetea?

Chaki_Nyeupe
Eleza kila kitu kwanza, ndipo utoke. Na yule baba wa grupu mwalikeni, risiti akaisome mwenyewe.