Tupeane uzoefu: kujifunza pikipiki kwenye mchanga wa Mtwara na Lindi, na namna ulivyoiandaa

Mleta mada, Tandahimba

Wadau wa Kusini, salaam. Kila ikifika Oktoba, minada ya korosho ikishaanza, pikipiki mpya zinaonekana kila kijiji huku uwanda wa Makonde. Anayejifunza huku anaanza na mchanga, na mchanga hauna huruma kwa mgeni. Naomba tukusanye uzoefu hapa: ulijifunzaje, na chombo ulikitengeneza vipi kabla hujakipanda.

Naanza mimi. Kaka yangu hakuniruhusu kuwasha injini siku ya kwanza. Alinipa pikipiki niisukume kwenye njia ya kwenda shamba, nione tairi la mbele linavyopenda kujigeuza lenyewe. Ukishindana nalo linakutupa. Ukilegeza mikono na kubana tangi kwa magoti, linacheza kushoto na kulia, halafu linanyooka.

Injini ilipowashwa, somo likawa resi. Ondoka na gia ya kwanza, ingiza ya pili mapema, mafuta yaende mfululizo bila kukatika. Ukiachia resi ghafla, uzito wote unakuja mbele, tairi linazama, na chini unakwenda. Kwa hiyo ukiingiwa na hofu katikati ya mchanga, ongeza kidogo, rudisha makalio nyuma, tazama mbali kule unakokwenda. Breki ya mbele usiiguse kabisa.

Mdau, fundi wa Newala

Mkuu umesema vizuri, ila wengi wanaangushwa na chombo kabla hata hawajakosea. Pikipiki inatoka dukani imeandaliwa kwa lami. Kijana anaileta gereji tairi zimejaa upepo hadi zinadunda, halafu anasema mchanga wa Newala mgumu.

Mwanafunzi asiye na mzigo namshushia upepo hadi PSI 18 hivi mbele na 20 nyuma. Tairi linatanuka, linapita juu ya mchanga badala ya kuchimba. Usishuke sana zaidi ya hapo kama ni tairi la tyubu, maana tyubu inateleza ndani ya rimu na kung'oa mdomo wake wa kujazia upepo, na tyubu ya namna hiyo haizibiki. Ukirudi kwenye lami au ukibeba abiria, jaza tena.

Cheni iachie mchezo wa sentimita 3 hivi. Gunia likipanda kwenye keria, shokapu zinashuka na cheni inajikaza yenyewe. Iliyobana tangu mwanzo itakula beringi na meno ya spoketi. Na jamani, acheni kupaka cheni oili chafu! Mchanga unanata humo, cheni inakuwa msasa. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ipake oili safi nyepesi, kisha futa inayobaki juu.

Filta ya hewa ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Ya sponji ioshe, ikamue, ikauke, ipake oili kidogo ndipo uirudishe. Wakati wa kupuliza mikorosho unga wa salfa unapeperuka kila mahali, kwa hiyo anayepita mashambani aifungue mara nyingi zaidi. Pikipiki ikipoteza nguvu mlimani, anzia hapo kabla hujamlaumu aliyekuuzia.

Anayeishi kwenye vilima nambadilishia spoketi ya mbele, napunguza jino moja. Spidi ya mwisho inapungua, lakini inapanda bila kulia.

Mdau, afisa ugani, Nanyamba

Asante kaka fundi. Mimi ni mwanamke na kimo changu kifupi, na kuna jambo wanaume wengi hawalifikirii: miguu kufika chini. Fundi wangu alilegeza springi za shokapu za nyuma hadi ngazi ya chini kabisa, kiti kikashuka kidogo nikikalia. Halafu akanifundisha kusimama kwa mguu mmoja wa kushoto, wa kulia ubaki kwenye breki. Hiyo ilinipa ujasiri kuliko maneno yote. Dada zangu, msikubali kujifunzia chombo ambacho mnakifikia kwa ncha za vidole.

Jingine: jifunzeni asubuhi na mapema. Mchanga wenye umande unashikana. Saa nane mchana ni unga mtupu.

Mdau, Rondo

Kupanda ni rahisi, kushuka ndiko kunakoua. Nimewaona vijana wanazima injini juu ya mteremko ili kubana mafuta, wanaserereka na breki peke yake. Breki za ngoma zikipata joto kali hazishiki tena, na hapo mbele kuna kona. Mimi nashuka na gia ileile ambayo ningepandia, injini inawaka, klachi nimeiachia. Injini yenyewe inazuia, breki ya nyuma inasaidia tu. Nawaomba sana wanaofundisha wadogo zao walifundishe hili mapema, wasisubiri mtoto apate leseni.

Mdau, Liwale

Kwetu shida ni tope jeusi la masika. Linajaa kati ya tairi la mbele na madigadi mpaka tairi linagoma kuzunguka. Tunapandisha madigadi juu na kufunga tairi za kashata, zile zenye meno makubwa. Za kipara msijaribu.

Mdau, Kitangari

Naomba kuuliza. Nabeba maji, madumu manne ya lita 20. Kwenye mchanga nyuma kunayumba sana, hata nikienda taratibu. Nipunguze dumu moja au nifungeje?

Mdau, fundi wa Newala

Ndugu yangu, hizo ni kilo 80, sawa na mtu mzima. Fanya mawili. Madumu yawe yamejaa mpaka mdomoni, maana lililopungua maji yanacheza ndani na kukuvuta kila kona. Na yaning'inize pembeni, mawili kila upande, chini na karibu na mgongo wako, usiyapange juu ya keria. Upepo wa nyuma upandishe hadi 30. Kama bado inayumba, ilete nikague bushi za suingi, ule mkono unaoshika tairi la nyuma, huenda zimekwisha.