Bustani ndogo ya mtaa: ngazi na rampu, au njia moja ya wote?

Mchoraji
Wadau, naomba mawazo. Kiwanja ni mita 20 kwa 30, nyumba pande tatu. Kutoka barabarani kinashuka ghafla sentimita 120, kisha tambarare hadi mwisho, na katikati kuna mti mkubwa. Mchoro A: ngazi, na pembeni rampu (njia ya mteremko isiyo na ngazi) ya mwinamo 1 kwa 12, yaani inashuka mita 1 kila mita 12 za mwendo, kama mita 16 pamoja na jukwaa la kupumzikia. Mchoro B: hakuna ngazi, njia ya 1 kwa 20 yenye urefu wa mita 24 inashuka ikiuzunguka mti.

Magurudumu
B. Natumia kitimwendo. 1 kwa 12 inakubalika kwenye viwango vingi, lakini kabla hujafika juu mabega yanawaka. Tena wenzako wanashuka ngazi wakipiga soga, wewe unazungukia pembeni peke yako. Upana uwe sentimita 180 tupishane wawili. Mwinamo wa kuelekea ubavuni usizidi asilimia 2. Ukizidi, kiti kinavutwa upande na mkono mmoja ndio unaofanya kazi yote.

Bibi wa mtaa
Mimi natembea na mkongojo. Kwangu ngazi nane fupi zenye kishikio ni nafuu kuliko mita 24 za mteremko. Msiziondoe kabisa.

Mtunza miti
B itaua mti. Ili njia ishuke polepole lazima ujaze udongo, na udongo ukirundikwa juu ya mizizi unaikosesha hewa. Majani yataanza kupukutika baada ya miaka kadhaa, wakati hakuna anayekumbuka sababu. Pitisha njia kandokando ya ukuta. Urefu wake wa mita 30 unatosha.

Fundi
Naafiki. Sakafu iwe matofali ya saruji juu ya mchanga. Zege likiinuliwa na mzizi linapasuka. Tofali unafumua, unasawazisha, unarudisha. Chagua yasiyochongwa kingo, yaliyochongwa yanatetemesha magurudumu. Kokoto zilizomwagwa tu, sahau.

Mchoraji
Basi njia inahamia ukutani, na ngazi fupi zinakaa palepale inapoanzia, watu waingie mlango mmoja. Kinachonisumbua sasa: aliye juu ya njia atachungulia uani kwa jirani.

Mtunza miti
Panda ua mnene wa vichaka kati ya njia na ukuta. Mpaka ukue, weka uzio wa mianzi.

Magurudumu
Na kando ya kila benchi acha nafasi tupu ya kitimwendo, kivulini. Mara nyingi mimi ndiye ninayebaki juani.