Halmashauri ya walei: hesabu za vigango na za parokia hazilingani, tufanyeje?

KatibuParokia
Tumsifu Yesu Kristo. Nimepewa ukatibu wa halmashauri ya walei (waamini wasio mapadre wala watawa), parokia ya vigango sita, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia. Mkutano wa robo mwaka umekaribia na nina mambo mawili. Kwanza, nikijumlisha taarifa za vigango, zaka na sadaka zinazidi fedha zilizoingia benki. Hakuna anayemtuhumu mwenzake, ila jumuiya ndogondogo za waamini zimeanza kuuliza. Pili, baadhi ya wajumbe wanataka tupige kura ili fedha za harambee ya paa zitengeneze kwanza gari la paroko. Kura hiyo inatosha?

MwekaHazina
Milele amina. Kabla ya kumshuku mtu, angalia kama vigango vinatumia fedha kabla ya kuzipeleka. Ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Mfano, Dominika moja kigango kimehesabu noti za 10,000 kumi na nne, za 5,000 thelathini na moja, za 2,000 sitini, za 1,000 tisini na tano, na sarafu za 38,500. Jumla 548,500. Wanatoa posho ya katekista 60,000 na nauli 15,000, wanapeleka 473,500. Kigango kinaripoti 548,500, parokia inaandika 473,500. Hapo 75,000 imeonekana kupotea, na hakuna aliyeiba.

Dawa yake ni kupeleka makusanyo yote kama yalivyo. Kigango kipewe masurufu ya kiasi maalumu, tuseme 100,000, yanayojazwa tena kwa kurudisha stakabadhi tu. Bila stakabadhi, hayajazwi.

Sadaka ihesabiwe siku hiyohiyo, palepale kigangoni, na watu watatu wasio wa familia moja. Fomu ioneshe idadi ya kila noti, siyo jumla peke yake, maana jumla tupu haikaguliki. Wote watie sahihi, nakala moja ibaki, nyingine iende na fedha.

Chunguza pia zaka. Kiongozi wa jumuiya anasaini kadi ya muumini leo, fedha inamfikia paroko robo inayofuata. Na mara nyingine zaka hiyohiyo inaandikwa na jumuiya, kisha na kigango, inahesabiwa mara mbili. Kama mnapokea kwa simu, namba isiwe ya mtu binafsi, na tozo ziandikwe kama matumizi.

Kanuni1983
Kuhusu paa: hapana, kura haitoshi. Kanuni ya 1267 kifungu cha 3 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema matoleo yaliyotolewa kwa lengo fulani yatumike kwa lengo hilo tu. Waamini walichangia paa, basi ni fedha za paa. Kanuni ya 536 nayo inalipatia baraza la kichungaji la parokia, ambalo kwenu ni halmashauri ya walei, kura ya ushauri pekee, chini ya taratibu za askofu wa jimbo. Kwa hiyo hata mkikubaliana wote, bado mnashauri.

Gari lijadiliwe na kamati ya fedha, ambayo kwa kanuni ya 537 kila parokia inapaswa kuwa nayo. Watafute fungu lake katika bajeti ya kawaida au waitishe mchango wa gari, utangazwe hivyo altareni. Mkiona kuna sababu nzito ya kugusa fedha za paa, paroko aandike jimboni kabla shilingi haijatoka. Msijidanganye kwamba "tunaazima tu". Waamini wakiona mabati hayajanunuliwa, harambee ijayo haitachangiwa.

KatibuParokia
Asanteni sana. Na sadaka ya Ijumaa Kuu kwa ajili ya Nchi Takatifu? Vigango viwili vimeijumlisha kwenye taarifa.

MwekaHazina
Iondoe kwenye mapato ya parokia. Hiyo na ya Dominika ya Kimisionari mnazipokea kwa niaba tu, zinakwenda jimboni zote. Zipe ukurasa wake, pamoja na tarehe ya kupeleka na namba ya stakabadhi ya jimbo. Kisha tengeneza jedwali la robo nzima, kila kigango mstari wake: kilichokusanywa, kilichotumika chenye hati, kilichofika parokiani, kilichoingia benki. Kaa na mweka hazina wa kila kigango mlinganishe kabla ya mkutano. Ukimuuliza mbele ya wajumbe atajitetea badala ya kukueleza.

KatibuMstaafu
Niongeze la muhtasari. Suala la gari usiliandike "halmashauri imeamua". Andika "halmashauri imemshauri paroko", kisha hoja za pande zote mbili kwa ufupi. Kila azimio liwe na jina la mtekelezaji na tarehe, la sivyo mkutano ujao mtalijadili upya. Jedwali la fedha liwafikie wajumbe wiki moja kabla pamoja na ajenda. Likishapokelewa, paroko akikubali, libandikwe ubao wa matangazo wa kila kigango, kwa sababu kanuni ya 1287 inataka waamini watolewe hesabu ya walichotoa.